Pimeni ardhi kabla wananchi hawajachimba msingi

Kwa Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri za Wilaya, Miji, Manispaa na Majiji, Tanzania Bara

Ndugu Wakurugenzi,

YAH: OMBI LA KUPIMA MAENEO YA UMMA NA KUCHUNGUZA UDONGO KABLA YA UJENZI KUANZA

Mimi ni fundi sanifu wa majengo. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita vijijini, kwenye madarasa, zahanati, nyumba za walimu na vyoo vya shule vinavyojengwa kwa fedha ya serikali iliyochanganyika na jasho la wananchi. Nawaandikia ninyi kwa sababu ninyi ndio maofisa masuuli. Mhandisi wa halmashauri anafanya kazi chini yenu, mpima na afisa ardhi mko nao wilaya moja, na malipo ya mradi hayatoki bila idhini yenu. Ninachokiomba hakihitaji sheria mpya wala waraka kutoka Dodoma.

Ombi langu ni hili: mwananchi yeyote asipewe sururu achimbe msingi wa jengo la umma kabla mambo matatu hayajakamilika. Eneo liwe limepimwa na mipaka yake kuwekwa. Udongo uwe umefukuliwa na kutazamwa na mhandisi. Karatasi zinazoonyesha nani ametoa eneo hilo, na kwa kikao gani, ziwe kwenye faili. Mambo hayo yakikamilika kwanza, makosa mengi tunayoyalipia kwa fedha nyingi hayatatokea. Yakiachwa, hata saruji bora na fundi hodari hawataliokoa jengo.

Mnajua tulikotoka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa 2002 hadi 2006 uliwapeleka wananchi kwenye ujenzi wa madarasa nchi nzima. Baada yake zikaja shule za kata, nazo zikaanza kwa michango na msaragambo. Siku hizi tuna fosi akaunti: halmashauri inapokea fedha, kijiji au shule inaunda kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, wanatafuta fundi wa hapo hapo na kazi inaanza. Mwaka 2021, kwenye mpango wa fedha za UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, yalipangwa madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20, na yakajengwa kwa miezi michache tu. Hakuna mkandarasi ambaye angekubali kujenga darasa kwa bei hiyo na kwa muda huo. Fosi akaunti imetufaa, na siiombei ife.

Lakini bei ile haikuwa bei kamili. Jiwe lililosombwa kwa kichwa kutoka mlimani lina gharama, hata kama orodha ya kazi na gharama za mradi (BOQ) haikuiandika. Mama aliyebeba ndoo ya lita 20 ya maji kutoka mtoni ili zege lichanganywe, akarudi tena mara ya pili na ya tatu, naye amechangia, tena amechangia kwa kitu asichoweza kurudishiwa. Jengo la namna hiyo likipasuka, serikali inapoteza fedha iliyotoa, na kijiji kinapoteza imani. Ukiwaita tena kwenye msaragambo hawaji, na mwenyekiti hana la kuwaambia.

Tazameni mambo yanavyokwenda sasa katika vijiji vingi. Mkutano unaitwa, mwenyekiti anaeleza kwamba fedha zinakuja, mtu anasimama na kusema eneo lipo kule karibu na mwembe. Wiki inayofuata watu wanafyeka. Fundi anahesabu hatua, anachomeka vigingi, anavuta kamba, na siku hiyo hiyo mtaro wa msingi unaanza kuchimbwa. Mhandisi wa halmashauri anafika kwa mara ya kwanza boma likiwa limeshafika kwenye lenta. Hapo anaombwa aandike taarifa ya ukaguzi. Atakagua nini? Msingi umeshafukiwa. Hajui una kina gani, umekaa juu ya udongo gani, wala kama uko ndani ya mpaka. Anachoweza kuona ni tofali na lenta. Anaandika alichokiona, anasaini, na jengo linaendelea.

Nianze na ardhi yenyewe. Maeneo mengi ya shule na zahanati zetu za zamani yalipatikana wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, au yalitolewa na wazee kwa neno la mdomo. Mzee alisema, "Chukueni kuanzia kwenye mkuyu mpaka kwenye kijito," na neno lake likatosha. Leo mzee hayupo, mkuyu umekatwa, kijito kimehama, na bei ya ardhi imepanda. Wajukuu wanarudi. Kwenye shule moja niliyowahi kusimamia ukarabati wake, mjukuu alikuja na mashahidi wake wawili akasema uwanja wa mpira ni shamba la babu yake. Mwalimu mkuu hakuwa na karatasi hata moja. Serikali ya kijiji haikuwa na muhtasari. Baraza la kata lilikaa, likasikiliza kumbukumbu za watu, na mwishowe shule ikabaki na uwanja nusu. Sikumlaumu yule kijana. Huenda alikuwa na haki, na huenda hakuwa nayo. Waliotakiwa kulimaliza jambo hilo mapema ni sisi, wakati babu yake yuko hai na anaweza kusema mwenyewe mbele ya mkutano.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, imeweka utaratibu ulio wazi. Kifungu cha 8 kinakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Maana yake ni kwamba eneo la zahanati linahitaji muhtasari wa mkutano, wenye mahudhurio, tarehe na saini, unaotaja eneo lilipo na aliyelitoa. Kama aliyelitoa anadai fidia, iandikwe pia. Kama ametoa bure, aseme hivyo mwenyewe, na familia yake iwepo ikisikia. Karatasi hiyo inagharimu kikao kimoja, na ina uwezo wa kuzuia kesi ya miaka mingi.

Baada ya muhtasari ndipo mpima aje. Naomba tuelewane hapa, kwa sababu nimesikia viongozi wakisema upimaji ni anasa ya mjini. Bikoni ni kinguzo cha zege chenye chuma katikati na namba yake. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuking'oa usiku mmoja. Asichoweza kung'oa ni ile ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na kusajiliwa, yenye kipimo cha kila kona. Mpima mwingine akija hata baada ya miaka 30 na vifaa vyake, atairudisha bikoni pale pale ilipokuwa. Hiyo ndiyo faida yake. Mipaka ya miti na vijito haina uwezo huo. Wala simu ya mkononi haiwezi kufanya kazi hiyo, ingawa siku hizi naona kamati zikitembea nayo kuzunguka eneo. Simu hukosea kwa mita kadhaa. Inatosha kumwonyesha mtu njia ya kufika kijijini, haitoshi kuamua ukuta wa choo uko kwa nani.

Mpima anaona pia yale ambayo macho ya kamati hayayaoni. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5. Kijiji kinachopanga kujenga kando ya lami ili zahanati ionekane na wapita njia kinaweza kujikuta kimejenga ndani ya hifadhi, na siku ya upanuzi jengo likapigwa alama ya X. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kuna mikuza ya umeme. Kuna njia za bomba. Kuna mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, pale ulipo, ambao huenda umeshatenga eneo hilo kwa malisho. Haya yote yanajulikana ofisini kwenu, na kamati ya ujenzi haina namna ya kuyajua mpaka aliyetoka huko ayapeleke.

Kisha kuna maji. Mpima akichora mistari ya mwinuko, mhandisi anaona maji ya mvua yatatoka wapi na kwenda wapi. Lakini kabla ya chombo chochote, kuna swali la kuwauliza wazee, nami huwa naliuliza kila kijiji: mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilifika wapi hapa? Wanakumbuka. Watakuonyesha mti, kichuguu, nyumba ya mtu. Mara nyingi eneo linalotolewa kwa ajili ya shule ni lile ambalo hakuna aliyetaka kulilima wala kujenga, na sababu ya kutolitaka inajulikana na kila mtu isipokuwa mgeni aliyeleta fedha. Aprili 2024 tuliona Rufiji na Kibiti jinsi mafuriko yalivyoingia kwenye makazi, mashamba na majengo ya huduma. Tarehe 3 Desemba 2023 tuliona Katesh, chini ya Mlima Hanang, tope na mawe vikishuka na kuua watu wengi. Mahali pa kujenga ni uamuzi wa uhai. Usifanywe kwa kunyoosha kidole kwenye mkutano.

Sasa niseme juu ya udongo, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi inapopotelea bila mtu kuiona.

Nchi yetu ina maeneo mapana ya udongo mweusi wa mbuga. Upo Shinyanga na Simiyu, upo Mwanza, upo Dodoma, na vipande vyake vipo mikoa mingi. Kibaha, mkoani Pwani, wataalamu wamechunguza kwa kina majengo yaliyopasuka kwa sababu ya udongo unaovimba. Udongo wa aina hii una mfinyanzi unaonyonya maji. Masika ukilowa unavimba na kusukuma juu. Kiangazi ukikauka unasinyaa na kuacha nyufa ambazo mkono unaingia. Jengo lenye msingi mfupi linanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, wala halinyanyuliwi sawasawa: kona zinazopata maji ya paa zinapanda, katikati panabaki. Ukuta unapasuka kwa mshazari kuanzia kwenye kona ya dirisha. Kamati inaita fundi, fundi anapiga lipu juu ya ufa, mvua zinakuja, ufa unarudi pale pale. Nimeona ukuta wa darasa uliopigwa lipu na kupakwa rangi mara kadhaa, na kila safari ufa ulijichora upya kwenye mstari ule ule. Tatizo halikuwa kwenye ukuta.

Kulijua hili kabla ya kujenga si kazi ya maabara peke yake. Chimbeni mashimo mawili au matatu pale jengo litakapokaa, kila moja kina cha mita 2, na upana wa kumwezesha mtu kuingia na sururu. Vijana wanne wanamaliza kwa siku moja. Mhandisi ashuke ndani. Aangalie tabaka: la juu lina mizizi, la pili lina rangi gani, changarawe ngumu inaanzia wapi, maji yanachuruzika au la. Achukue bonge la udongo, alilowanishe kidogo, aliviringishe kwa kiganja. Udongo wa kichanga unavunjika. Mfinyanzi unaviringika mpaka unakuwa uzi mwembamba wa milimita 3 bila kukatika. Kisha achukue udongo mkavu uliosagwa na kuchekechwa, sentimita za ujazo 10 kwenye bomba la kioo la kupimia lenye alama, ajaze maji na kuuacha saa 24. Mchanga utabaki pale pale. Udongo ukipanda ukafika alama ya 15 au kuipita, huo unavimba, na mchoro wa msingi wa kawaida usitumike hapo. Udongo upelekwe maabara kabla ya hatua nyingine yoyote.

Majibu yakiwa mabaya, mradi haufi. Kama tabaka gumu liko karibu, msingi unashushwa mpaka ulifikie. Kama liko mbali kidogo, udongo mbaya unaondolewa na kujazwa changarawe, ikishindiliwa tabaka kwa tabaka, kila moja isiyozidi sentimita 15. Mkanda wa zege lenye nondo unafungwa chini na mwingine juu kwenye lenta, ili jengo likisukumwa lisogee kwa pamoja. Pembeni pote panamwagwa zege lenye mteremko wa kutoa maji nje, maji ya paa yanapelekwa mbali kwa mfereji, na miti mikubwa haipandwi jirani na ukuta. Au, pengine, jengo linahamishiwa mita 80 kutoka hapo, kwenye kichanga, na fedha yote hiyo inaokolewa. Lakini kuhamisha jengo kunawezekana tu kabla mtaro haujachimbwa. Mawe yakishalala chini hakuna anayekubali kuhama.

Na vyoo navyo vinahitaji shimo hilo hilo la uchunguzi. Shimo la choo linapaswa kukaa angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, upande wa chini wa mteremko, na kitako chake kiwe juu ya maji ya ardhini. Bila kufukua, utajuaje maji ya ardhini yako wapi? Kuna vyoo vya shule vinavyojaa maji kila masika na kufungwa, na wasichana ndio wa kwanza kuumia. Ramani ya vyoo hivyo ilikuwa nzuri. Aliyeleta ramani hakuja kuangalia ardhi.

Baada ya udongo, kuna upigaji wa kamba. Hii ni kazi ya asubuhi moja, na ningependa kila mjumbe wa kamati ya ujenzi awepo siku hiyo, kwa sababu anaweza kuihakikisha mwenyewe kwa tepu bila kusoma chuo. Fundi anavuta mstari wa kwanza akifuata mpaka uliopimwa. Kwenye kona anapima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na umbali kati ya alama hizo mbili lazima uwe mita 5 kamili. Ukiwa hivyo, kona iko mraba. Akishamaliza kona zote nne, anapima ulalo, kona kwa kona, pande zote mbili. Jengo la mita 9 kwa 7 litatoa mita 11.40 huku na mita 11.40 kule. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, vigingi ving'olewe na kazi irudiwe. Kisha mpira mwembamba wa maji uzungushwe kona zote ili kimo cha msingi kiwe kimoja. Nimewaona akina mama wa kamati wakishika tepu na kumwambia fundi, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma, "Baba, hapa hazijalingana." Alirudia. Jengo lililokosewa hapa litasumbua mpaka juu: kenchi zitakatwa kwa urefu tofauti, bati zitakwenda upande, na maji yatapita.

Nirudi kwenye mkanda wa zege lenye nondo nilioutaja kwenye msingi; ninausisitiza kwa sababu nyingine pia. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu walikufa, maelfu ya nyumba yakaharibika, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikalazimika kufungwa kwa muda. Ukuta wa tofali uliosimama peke yake, bila mkanda unaoufunga na wenzake, hauna cha kuushika ardhi ikitikisika. Nchi yetu inapitiwa na mikono miwili ya Bonde la Ufa. Jirani zetu nao wametufundisha kwa uchungu: Dagoretti, Nairobi, asubuhi ya tarehe 23 Septemba 2019, darasa la ghorofa liliporomoka na watoto saba wakapoteza maisha siku hiyo hiyo. Mzazi anayempeleka mtoto shuleni hana namna ya kukagua jengo. Anatuamini sisi.

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu nimeyasikia nikiwa nimekaa upande wenu wa meza.

La kwanza ni muda. Fedha inaingia mwezi wa tatu au wa nne, na isipotumika mpaka tarehe 30 Juni inarudi. Mkisubiri mpima, mkasubiri udongo, mwaka utaisha. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo maana ombi langu ni mpime kabla ya fedha kuja. Maeneo yanajulikana. Vijiji vimeshatenga viwanja vya zahanati zitakazojengwa siku zijazo, vya sekondari za kata, vya nyumba za walimu. Vipimwe sasa, mashimo yafukuliwe sasa wakati wa kiangazi, taarifa ziwekwe kwenye faili. Fedha ikiingia, mnafungua faili na kuanza siku hiyo hiyo. Halmashauri itakayofanya hivi haitachelewa. Itawahi kuliko inavyowahi leo, kwa sababu haitasimamishwa katikati na kesi ya mpaka au msingi unaotitia.

La pili ni fedha. Mnasema hakuna kifungu. Lakini gharama hii tunailipa tayari, ila tunaiita ukarabati, au nyongeza ya kazi, au fidia, au tunaiacha kwenye boma lililosimama bila paa huku nyasi zikiota ndani. Na kuna gharama nyingine ambayo inaniumiza kuitaja: kamati kuambiwa ichangie mafuta ya gari ili mhandisi afike. Kijiji kimechanga mawe, kimechanga mchanga, kimechanga maji, halafu kinaambiwa kichange na mafuta ya mtumishi wa umma. Wasipokuwa nayo, mhandisi haji. Hapo mhandisi hana kosa. Amewekwa ofisini bila nyenzo.

La tatu ni uhaba wa wataalamu. Ni kweli mhandisi mmoja anasimamia miradi mingi kuliko uwezo wake. Lakini mpima akifika kijijini mara moja, apime maeneo yote ya umma kwa safari hiyo hiyo: shule, zahanati, ofisi, soko, makaburi, kisima. Vyuo vya Ardhi Morogoro na Tabora vina wanafunzi wanaohitaji mafunzo kwa vitendo kila mwaka, na Chuo Kikuu Ardhi kina vijana wa upimaji na wa uhandisi. Waleteni chini ya usimamizi wa mpima aliyesajiliwa, muwape posho ya chakula na mahali pa kulala. Mafundi wa vijijini nao, ambao wengi walijifunza kwa kushika mwiko tangu utotoni, wapelekwe VETA kwa mafunzo mafupi na kupewa vyeti vya ujuzi walio nao. Fundi anayejua kwa nini anapima ulalo hatauruka hata kama hakuna anayemtazama.

Kwa hiyo, ndugu Wakurugenzi, naomba mambo manne.

Mosi, wekeni kifungu cha upimaji na uchunguzi wa udongo ndani ya gharama ya kila mradi, kikijumuisha mafuta na posho ya wataalamu, na iwe marufuku kuwaomba wananchi gharama hiyo.

Pili, kila eneo la umma liwe na faili moja yenye muhtasari wa Mkutano Mkuu, ramani ya upimaji, taarifa ya mashimo ya udongo yenye picha, na mchoro unaoonyesha kila jengo litakaa wapi leo na baadaye. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, na mwananchi akiomba kuiona aonyeshwe.

Tatu, fedha ya awamu ya kwanza isitoke bila faili hiyo kukamilika, hata kama mheshimiwa diwani au mbunge ameahidi kuweka jiwe la msingi wiki ijayo. Mtashinikizwa, najua. Ndiyo maana naliandika hadharani, ili mkikataa shinikizo hilo mjue kuna watu wengi wanaosimama nanyi.

Nne, mkataba wa fundi utaje vituo vya kusimama: baada ya kupiga kamba, baada ya kuchimba msingi kabla ya zege, na baada ya kufunga nondo za mkanda. Katika kila kituo mhandisi afike na kusaini kwenye kitabu cha mradi. Zege lililomwagwa kabla ya saini lisilipwe.

Nanyi wenyeviti wa vijiji na wajumbe wa kamati mtakaosoma barua hii, msingoje mpaka mkurugenzi aamke. Iteni mkutano, andikeni muhtasari, muulizeni mzee aliyetoa eneo angali anaweza kusema. Fukueni shimo moja mtazame. Haki hiyo mnayo leo, na hakuna anayeweza kuwanyima.

Rasimu za bajeti zitapita kwenye mabaraza ya madiwani mwanzoni mwa mwaka. Kabla ya hapo, mwiteni mhandisi wenu, mpima na afisa ardhi, mkae nao siku moja na orodha ya maeneo ambayo vijiji vimeyatenga, na muamue ni yapi yatapimwa kwanza. Wananchi wetu hawajawahi kukataa kubeba mawe. Wana haki ya kujua, kabla hawajabeba jiwe la kwanza, kwamba linakwenda mahali litakapokaa.

Wenu katika kazi,

Fundi sanifu wa majengo